Dalili za Shinikizo Kupindukia katika Risasi za Kujijazia

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Makala haya yanafafanua dalili za shinikizo kupindukia katika risasi za bunduki, hususan nchini Marekani ambako wawindaji na walenga shabaha wengi hujijazia risasi wenyewe.

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba njano, fataki, baruti na kichwa. Baruti iwakapo, gesi husukuma pande zote. Kwa risasi ya .30-06 Springfield, iliyoidhinishwa na jeshi la Marekani mnamo 1906, kikomo ni wastani wa pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba.

Kikomo kikipitwa, ganda huweza kutoa ushahidi. Kwanza, komeo la bunduki huwa gumu kufunguka. Pili, kitako cha ganda hupata alama inayong'aa. Tatu, fataki hubapa au hutoboka. Nne, tundu la fataki hupanuka.

Hata hivyo, fataki iliyobapa pekee si hoja tosha, kwani fataki laini hubapa hata katika shinikizo la kawaida. Isitoshe, ganda laweza kunyamaza hadi kikomo kipitwe kwa mbali. Kutoona dalili, basi, si thibitisho la usalama. Macho na mikono ya mpigaji imo hatarini. Mjazaji makini huanza na kipimo cha chini cha mwongozo uliothibitishwa maabarani, huongeza kidogo kidogo bila kuvuka upeo wake, na hukoma dalili ya kwanza ijitokezapo. Hapa mawingu huonekana mvua ikiwa imekwisha kuanza.