Nyumba ya kupangisha: Tujifunze kwa Nabii Yusuf (A.S.)

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika miji yetu ya pwani na bara ni familia nyingi ambazo tegemeo lao la uzeeni ni nyumba ya kupangisha. Mstaafu huweka humo kiinua mgongo chake, mjane huweka humo mirathi ya mayatima, na vijana walioko ughaibuni hutuma fedha ili wazee wao wajengewe vyumba vya kupangisha. Hii ni njia ya halali na yenye heri. Lakini wengi huingia humo kwa pupa soko linapopanda, na hutaharuki linaposhuka. Tuangalie leo namna ya kuamua kwa busara katika hali zote mbili.

Neema na dhiki hupokezana

Sura ya Yusuf, kuanzia aya ya 47, inatueleza jinsi Nabii Yusuf (A.S.) alivyofasiri ndoto ya mfalme wa Misri: miaka saba ya mavuno tele, kisha miaka saba ya ukame. Hakuwaambia watu wa Misri wafurahi tu, wala hakuwatia hofu. Aliwaagiza walime kwa bidii na waiache nafaka katika mashuke yake, ila kidogo watakachokula. Akiba ya miaka ya neema ndiyo iliyowavusha katika miaka ya dhiki.

Soko la nyumba nalo lina majira yake. Mwaka 2008 ulimwengu ulishuhudia mtikisiko mkubwa wa uchumi, na chanzo chake kilikuwa mikopo ya nyumba nchini Marekani. Watu walikopa wakiamini kuwa bei ya nyumba haishuki. Ilipoanguka, wengi walibaki na deni lililozidi thamani ya nyumba yenyewe. Hapa kwetu, uamuzi wa mwaka 2016 wa kuhamishia shughuli za Serikali Dodoma uliwafanya wenye nyumba wa Dar es Salaam waliotegemea watumishi wa wizara kutafuta wapangaji wengine. Na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia watalii kufika Zanzibar, wafanyakazi wa hoteli walikosa mshahara, na aliyewapangisha akakosa kodi.

Piga hesabu kabla ya kununua

Tuchukue mfano. Nyumba inauzwa shilingi milioni 60, na kodi yake ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Dalali atasema inaingiza shilingi 3,600,000 kwa mwaka. Lakini nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja, zinabaki 3,300,000. Ondoa kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani 330,000. Ondoa tena, tuseme, 470,000 za kodi ya jengo, bati linalovuja, rangi na shimo la maji machafu. Kinachobaki ni shilingi 2,500,000. Kwa mwendo huo, fedha yako itarudi baada ya miaka 24.

Hesabu hii haimkatazi mtu kununua, inamzuia asidanganyike. Sasa mfikirie aliyenunua kwa mkopo wa riba wenye marejesho ya shilingi 250,000 kila mwezi. Kwa mwaka anadaiwa milioni tatu, na nyumba inampa milioni mbili na nusu. Hata mwaka mzuri kwake ni hasara. Mbali na hasara hiyo, Mwenyezi Mungu ameiharamisha riba katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 275. Asiye na fedha za kutosha na ajenge chumba kimoja baada ya kingine, ashirikiane na nduguze kwa mkataba, au azitafute taasisi za fedha zinazofuata sharia, ambako benki na mteja huweza kununua kwa ubia na mteja akalipia sehemu ya benki kidogo kidogo.

Kagua pia ardhi yenyewe. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Ithibitishe hati katika ofisi ya ardhi, waulize majirani, na kitembelee kiwanja wakati wa masika ulione bonde linavyojaa. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inatufunza kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali.

Soko linaposhuka

Hapa ndipo imani hupimwa. Mpangaji mwema aliyekatikiwa na kazi hakulipi, je, umtoe? Aya ya 280 ya Al-Baqara inaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka atakapopata wepesi. Na Bukhari na Muslim wamepokea habari za mfanyabiashara aliyekuwa akiwasamehe wadaiwa wenye shida, naye Mwenyezi Mungu akamsamehe. Hata kwa hesabu za dunia, kumpunguzia mpangaji mwaminifu shilingi 50,000 kwa miezi mitatu ni 150,000, nayo ni nusu tu ya hasara ya nyumba kukaa tupu mwezi mmoja.

Lakini huruma hiyo huiweza mwenye akiba. Kila upokeapo kodi, tenga sehemu mpaka ufikie matumizi ya miezi sita. Mwenye akiba halazimiki kuuza kwa bei ya kutupa. Na ukiuza, kumbuka hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inayotahadharisha kuwa aliyeuza nyumba asiweke thamani yake katika mfano wake, hatabarikiwa katika fedha hizo. Fedha ya nyumba iliyokwisha harusini hairudi.

Haki za watu na haki ya Mola

Andikeni mkataba: muda, kodi na wajibu wa kila upande. Matengenezo yanayoifanya nyumba ikalike ni juu ya mwenye nyumba, na kodi haipandishwi kabla muda waliokubaliana haujakwisha. Ama Zaka, wanavyuoni walio wengi wanasema haitolewi kwa thamani ya nyumba ya kupangisha, bali kwa fedha za kodi zilizohifadhiwa zikafikia nisabu na kupitiwa na mwaka, asilimia mbili na nusu. Iliyonunuliwa kwa nia ya kuuzwa huhesabiwa kuwa mali ya biashara.

Kabla ya kuamua, washauri wajuzi na watu wa nyumbani mwako, kisha swali rakaa mbili za Istikhara. Haraka haraka haina baraka. Na mayatima wanaoingojea kodi hiyo watakuuliza kesho ulikoipeleka amana yao.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na atubarikie ndani yake. Amin.