"Kikojozi" si Jina la Mtoto

Godoro lililoanikwa uani asubuhi huwatangazia majirani jambo ambalo mtoto angependa lisitirike. Wenzake humzomea, wakubwa humwita "kikojozi", na wapo wazazi wanaomchapa wakidhani ni uvivu. Fimbo haikaushi kitanda, ila humfanya mtoto ajione hafai.

Kitaalamu, kukojoa kitandani huhesabiwa kuwa tatizo kuanzia umri wa miaka 5. Mtoto hakusudii. Huenda homoni inayopunguza mkojo wakati wa usiku haitoshi, kibofu hakihimili mkojo mwingi, na ubongo haumwamshi kinapojaa. Mara nyingi hali hii hurithiwa. Mzazi anayefoka pengine naye alikojoa kitandani utotoni. Watoto wengi huacha kadiri wanavyokua.

Mtoto hujifunza kujithamini kupitia mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Kuamka mkavu hakumo katika uwezo huo, hivyo zawadi isitegemee ukavu. Msifuni kwa kunywa maji ya kutosha mchana, kwenda haja ndogo kabla ya kulala, na kusaidia kutandua shuka. Kazi hiyo ifanyike kwa ushirikiano, isiwe adhabu. Punguzeni vinywaji saa moja au mbili kabla ya kulala, hasa chai. Lakini mtoto mwenye selimundu asinyimwe maji: figo zake hushindwa kuhifadhi maji mwilini, na upungufu wake waweza kumletea maumivu makali.

Mpelekeni kituo cha afya ikiwa ameanza tena baada ya kukaa miezi 6 au zaidi bila kukojoa kitandani, anajikojolea mchana, anaumia akikojoa, anapata choo kigumu, au ana kiu kali na anakonda. Dalili hizi zaweza kuashiria maambukizi, kisukari au tatizo jingine la mwili. Kuanza upya kwaweza pia kutokana na hofu au ukatili. Tiba zipo, zikiwemo kengele ya kumwamsha na dawa ya desmopresini.

Nanyi wahudumu wa afya, msimhoji mtoto mbele ya foleni. Mwulizeni yeye mwenyewe, faraghani na kwa upole, kisha mwelezeni mzazi, mtoto akisikia, kwamba hili si kosa lake. Kwa mtoto aliyezoea lawama, kauli hiyo ni sehemu ya tiba.