Tuta ni la Mmoja, Hatari ni ya Walio Bondeni

Bwawa la udongo linaweza kuwa mali ya mtu mmoja, lakini likipasuka hasara inawafikia majirani. Usiku wa Mei 9, 2018, katika msimu wa mvua kubwa, bwawa la Patel lililokuwa ndani ya shamba binafsi huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilibomoka na kuua watu wasiopungua 47 waliokuwa wakiishi chini yake.

Matuta ya mabwawa ya aina hii hufa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni maji kupita juu: utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, ukiwa mwembamba, au ukizibwa na magugu na magogo, maji hupanda tuta na kulikwangua upande wa nje mpaka likakatika. Ya pili ni maji kupita ndani, yakifuata mzizi uliooza, shimo la panya, au kando ya bomba ambako udongo haukushindiliwa vizuri.

Njia hii ya pili mara nyingi hutoa dalili. Nenda kwenye kitako cha tuta upande wa nje, tafuta palipolowana, kinga maji yanayovuja kwa chupa inayoonyesha ndani. Yakiwa maangavu na hayaongezeki, endelea kuyafuatilia. Yakiwa na tope, tuta linaliwa ndani: waondoe watu bondeni mara moja na umwite mhandisi.

Hatari hii ipo Tanzania pia. Kijiji cha Kihagara kiko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali Mbinga mjini ni zaidi ya mita 1,300. Kwenye miteremko kama hii, maji yaliyoachiwa huko juu hayampi mtu nafasi ya kujiuliza.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, yenye masharti ya usalama wa mabwawa, na ina Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa. Lakini bonde hilo ni pana, linajumuisha wilaya za Kyela, Nyasa na nyingine. Ofisa wa bodi hawezi kulala kwenye kila tuta. Kwa hiyo serikali ya kijiji iwe na orodha ya mabwawa yote yaliyo juu yake, iyakague pamoja na wamiliki wake kabla ya mvua za Novemba, na ipeleke taarifa bodini. Anayelala chini ya tuta ana haki ya kulikagua.