KUBA YA KILA SIKU: MSAFARA HUONYESHWA NINI, NA MACHO HUONA NINI?

Wako wasafiri wasioridhika na pwani na mahoteli. Watu hao, wafikapo nchi ya ugenini, hupenda kujua mwenyeji anakula nini, analipwa nini, anapanga foleni wapi na wanawe wanasoma shule gani. Kwa wasafiri wa namna hiyo Kuba imekuwa ikipokea, kwa zaidi ya nusu karne, misafara ya pamoja inayotembezwa na kiongozi mwenyeji, na ahadi ya misafara hiyo ni moja: kumwonyesha mgeni maisha ya kila siku ya Wakuba. Ahadi hiyo si ndogo. Yafaa ipimwe kabla mtu hajafungua mkoba wake, maana maisha ya kila siku hayapendi kutazamwa. Yakijua kwamba mgeni yuko mlangoni, huvaa nguo za sikukuu.

Desturi hii haikubuniwa na makampuni ya utalii. Tarehe 30 Desemba 1960 serikali mpya ya Kuba iliunda taasisi ya urafiki na mataifa, ijulikanayo kwa kifupi kama ICAP, ikapewa kazi ya kuwapokea wageni waliotaka kuyaona mapinduzi kwa macho yao wenyewe. Mwaka 1969 vijana wa Kimarekani zaidi ya mia mbili, kundi la kwanza la Brigedi ya Venceremos, walikwenda huko kukata miwa katika msimu ambao taifa lilikuwa limejiwekea lengo la tani milioni 10 za sukari. Lengo halikufikiwa, zilipatikana tani kama milioni 8 na nusu. Lakini mtindo ulikwisha zaliwa: asubuhi panga na jembe, mchana hotuba, jioni matembezi. Mwaka 1972 kambi ya kimataifa iliyopewa jina la Julio Antonio Mella ilianzishwa huko Caimito, nje ya Havana, kwa ajili ya wageni wa aina hiyo.

Makampuni yalikuja baadaye, na ratiba zao zilibanwa na sheria ya nchi nyingine. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 inawakataza raia wake kwenda Kuba kwa utalii mtupu, hivyo wengi wao walikwenda kwa vikundi vya kukutana na wananchi. Ruhusa ya vikundi hivyo ilitolewa mwaka 1999, ikafungwa 2003, ikafunguliwa 2011, ikafungwa tena 2019 na kufunguliwa 2022. Masharti yake yanataka siku nzima ijae shughuli. Ndiyo sababu mtu husoma ratiba ya msafara akadhani ni ratiba ya chuo cha kijeshi: saa tatu zahanati, saa nne shule, saa sita karakana ya wachongaji, saa tisa shamba.

Mahali papelekwapo misafara pamezoeleka. Ni Havana, kisha bonde la Viñales penye tumbaku, kisha Cienfuegos, Trinidad na Santa Clara. Kwa msomaji anayeishi kambini, yako majengo mawili yanayostahili kutazamwa kuliko makanisa yote ya kale. La kwanza ni kambi ya Columbia mjini Havana, iliyokuwa makao makuu ya jeshi la Batista. Mwaka 1959 ilifanywa kuwa mji wa shule, na humo mna makumbusho ya kampeni ya kufuta ujinga ya mwaka 1961, wakati vijana zaidi ya laki moja, kila mmoja akiwa na taa ya mafuta, kitanda cha kamba na vitabu viwili, walipotawanyika vijijini, na watu wapatao laki saba wakafundishwa kusoma na kuandika. Barua ambazo wanafunzi hao wazee walizoandika kwa mkono wenye kutetemeka zimehifadhiwa humo. Mwalimu ye yote atasimama hapo muda mrefu.

La pili ni ngome ya Moncada, Santiago, iliyoshambuliwa na Fidel Castro na wenziwe tarehe 26 Julai 1953 wakashindwa. Januari 1960 ngome ilikabidhiwa wanafunzi. Ukutani mna matundu ya risasi, na kila mgeni huyapiga picha. Wachache huambiwa kwamba askari wa Batista waliyaziba matundu yale baada ya mapigano, na kwamba yaliyopo leo yalitobolewa upya baada ya mapinduzi. Si uongo, kwani mapigano yalikuwapo na risasi zilikuwapo. Walakini msafiri na aikumbuke habari hiyo kila aonyeshwapo jambo lililo wazi mno.

Santa Clara huwavuta wasemao Kiswahili kwa sababu nyingine. Humo ndimo lilimo kaburi la Ernesto Che Guevara, aliyezikwa hapo Oktoba 1997. Mwezi Aprili 1965 alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kupigana mashariki ya Kongo, Wakuba wale walijipa majina kwa hesabu ya Kiswahili: Moja, Mbili, na kuendelea. Yeye aliitwa Tatu. Alitoka huko mwezi Novemba mwaka uleule, vita vikiwa vimeshindwa.

Hayo ni ya makumbusho. Maisha ya kila siku yako dukani.

Familia iliyokwisha kuishi kambini haihitaji kufafanuliwa mgawo ni nini. Tangu 1962 kila nyumba ya Kuba imekuwa na kijitabu cha mgawo, na kila kijitabu kimefungwa kwenye duka moja la mtaani. Muuzaji huandika kwa kalamu alichotoa: mchele, kwa kawaida ratili 7 kwa mtu kwa mwezi, sukari, maharage, mafuta kidogo, kahawa iliyochanganywa na njegere za kukaanga, maziwa kwa watoto wasiozidi umri wa miaka 7, na mkate mmoja mdogo kwa kila kichwa kwa siku. Bei yake ni ndogo mno. Kasoro yake ni kwamba mgawo haujapata kutosha mwezi mzima, na katika miaka ya karibuni umekuwa ukichelewa au kupungua. Februari 2024 serikali ililiomba Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa msaada wa maziwa ya unga ya watoto. Septemba 2024 mkate wa mgawo ulipunguzwa kutoka gramu 80 hadi gramu 60. Mama anayejaza kikapu chake hapo hujua kwamba chakula cha wiki mbili za mwisho wa mwezi atakitafuta kwingine: sokoni, kwa jirani, kwa maduka ya watu binafsi yaliyoruhusiwa kuanzia 2021 ambayo bei zake humeza mshahara, au kwa fedha zitumwazo na ndugu aliye ng'ambo.

Mgeni akisimama mlangoni pa duka hilo kwa nusu saa, bila kamera, atajifunza mengi kuliko katika hotuba yo yote. Ataona pia adabu ya foleni ya Kuba, ambayo ni elimu kamili. Watu hawasimami mmoja nyuma ya mwingine. Wamekaa vivulini, huyu ngazini, yule chini ya mti. Anayefika huuliza kwa sauti: «Nani wa mwisho?» Aliye wa mwisho huinua mkono, na mwuliza swali huwa ndiye wa mwisho hadi atakapofika mwingine. Wenye hadhari huuliza pia aliyemtangulia yule ni nani, asije akaondoka na mlolongo ukakatika. Kwa njia hiyo bibi mzee hulinda zamu yake saa mbili akiwa ameketi. Askari polisi aliyepata kutuma jasho lake kupanga watu mbele ya duka ataipenda desturi hiyo.

Hapo zamani mgeni hakuonja foleni. Wakati wa sarafu mbili, tangu 1994 hadi mwisho wa 2020, mwenye sarafu ya wageni aliingia kwa mlango mwingine. Hata katika bustani ya aiskrimu ya Coppelia mjini Havana, iliyofunguliwa 1966 na kupendwa na kila mtoto, palikuwa na sehemu ya mgeni na sehemu ya mwananchi, na foleni ilikuwa ya mwananchi. Mahoteli ya watalii nayo yalifungwa kwa Wakuba wa kawaida hadi 2008. Mambo kama haya kiongozi wa msafara huenda asiyataje mpaka aulizwe.

Akiulizwa kwa adabu, hata hivyo, aghalabu hujibu. Ni kosa kumdhania kuwa ni kasuku wa serikali. Naye ana kijitabu cha mgawo na mama mkwe nyumbani, na pengine alikuwa mwalimu au mhandisi aliyeacha kazi yake kwa sababu bahashishi za wageni humpatia zaidi. Zahanatini atasimulia mpango wa daktari wa familia ulioanza 1984, ambamo daktari huishi palepale mtaani anapotibu, na atataja kwa fahari kwamba mwaka 2018 vifo vya watoto wachanga vilikuwa 4 tu kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Ni kweli, na nchi nyingi tajiri hazikufika hapo. Vilevile ni kweli kwamba mwaka 2024 vilikuwa vimepanda kupita 7, na kwamba madaktari wengi wako ng'ambo, kama walivyokuwa wale mia moja hivi waliopelekwa Kenya mwaka 2018. Msafiri mwenye busara huuliza swali la pili baada ya kushukuru kwa jibu la kwanza.

Afadhali ya yote ni kulala nyumbani kwa mtu. Tangu 1997 sheria inamruhusu Mkuba kumpangisha mgeni chumba, na mlango wa nyumba hiyo hubandikwa alama ya buluu ifananayo na nanga iliyopinduliwa. Misafara mingi huwagawa watu wake wawili wawili katika nyumba za jinsi hiyo. Na hapa ndipo penye jambo zito la safari yote. Asubuhi mezani mgeni hukuta mayai, papai, nanasi, mkate, siagi, kahawa safi na maziwa. Mtoto wa nyumba hiyo, ikiwa amekwisha timiza miaka 7, hana maziwa ya mgawo. Mayai yale mawili hayakutoka katika kijitabu; mama aliyatafuta tangu juzi kwa miguu, akayalipia bei ya juu, akijua kwamba kodi ya usiku chache humzidishia kipato kuliko mshahara wa daktari wa mwezi. Mgeni akiyaacha sahanini kwa kuwa ameshiba, hajui alichokiacha. Akikataa kula kwa huruma, humwaibisha mwenye nyumba na kumnyima ijara yake. Lililo sawa ni kula, kulipa kwa ukamilifu, na kumwambia mapema usiku: «Mama, kesho yai moja latosha.»

Jikoni mwenyewe akina mama wa kwetu hawatapotea. Mna ndizi mbichi za kukaanga, wali kwa maharage meusi, na muhogo. Muhogo wa Kikuba unafaa kujaribiwa. Humenywa, hukatwa, huchemshwa kwa maji ya chumvi mpaka ulainike na kuanza kupasuka, kisha mzizi wa kati hutolewa. Vitunguu saumu visivyopungua sita hupondwa pamoja na chumvi, hukamuliwa maji ya danzi juu yake, au ya limau iliyotiwa chungwa kidogo ikiwa madanzi hayapatikani. Mafuta hupashwa moto sana na kumiminwa juu ya mchanganyiko huo, nayo yatalia kwa kishindo, basi mpishi ajihadhari na uso wake. Wenyewe hupenda mafuta ya nguruwe. Wasiokula hutumia mafuta ya mbegu na ladha haipungui. Rojo hilo humwagiwa muhogo ungali moto.

Usiku, yumkini, umeme utakatika. Tarehe 18 Oktoba 2024 kituo kikubwa cha Antonio Guiteras kilizimika na kisiwa kizima kikawa gizani, na mikoani saa nyingi bila umeme zimekuwa jambo la siku zote. Kwa mgeni ni mshumaa na hadithi. Kwa mama ni nyama iliyokuwa katika friji na chungu cha umeme kisichowaka, kwani mwaka 2005 na 2006 serikali ilizigawia nyumba majiko na vyungu vya umeme ili zipunguze matumizi ya mafuta ya taa. Anayekusudia kusafiri na aulize, kabla ya kulipa, hali ya umeme na mafuta ya magari ilivyo mwezi huo, maana msafara usio na dizeli huishia barazani.

Machache ya kukumbuka. Kuba haipendi askari wake, polisi wake wala makambi yake yapigwe picha, na wasomaji wetu wanaelewa sababu. Kadi za benki za Marekani hazitumiki. Fedha taslimu ndiyo kinga. Bima ya matibabu ni sharti tangu 2010. Zawadi zinazofaa ni sabuni, dawa za maumivu, nyuzi na sindano, miwani ya kusomea. Wala zisigawiwe watoto barabarani kama punje kwa kuku, bali zikabidhiwe mwalimu au mwenye nyumba, kwa mikono miwili.

Na siku ya mwisho, msafara utakapokuwa umekwisha hesabiwa na mizigo kupakiwa, kiongozi atapokea bahasha yake, atapunga mkono hadi basi lipotee, kisha atakwenda kwa miguu kwenye duka la mtaani kwake, na kuuliza nani wa mwisho.