Mzazi, Mtazame Mwalimu Kabla ya Kumkabidhi Mwanao

Jioni moja, masomo yalipokwisha, mzazi mmoja alitujia nyumbani kwetu hapa Misisi pamoja na mwanawe mwenye miaka 13. Mzazi huyo hushinda mashimoni akichimba dhahabu, na udongo ulikuwa bado umemganda miguuni. Tulimpa kiti, akakaa ukingoni mwake, akasema: "Mwalimu, mtoto huyu anataka kuingia karate. Wenzake wamekwisha kuingia. Nikimkatalia, atakwenda kwa siri. Nikimkubalia, naogopa nisije nikawa nalea mnyang'anyi nyumbani mwangu. Wewe ndiye uliyesoma, nifanye nini?"

Hatukuwa na jibu tayari. Tukamwambia: "Papa, utupe majuma mawili. Tusome kidogo, kisha twende pamoja tukaone kwa macho yetu. Ndipo tutakaposema."

Haya tunayoyaandika ni matunda ya majuma hayo mawili. Twaona yafaa yawafikie wazazi wengine pia, maana swali lile si la nyumba moja.

Hofu ya baba huyu haikuwa ya bure. Misisi ni mji wa machimbo. Watu wamefika hapa kutoka Fizi, Baraka, Uvira, Bukavu na mbali zaidi, kila mmoja akitafuta dhahabu; na penye dhahabu hapakosi mtu wa kununua nguvu za vijana. Huyu ataka mlinzi, yule ataka mtu wa kumtishia mdeni wake. Tena katika nchi yetu ya Fizi vikundi vyenye silaha vimewachukua vijana kwa miaka mingi. Mzazi anayejua hayo hawezi kuona ngumi ya mwanawe ikikomaa asijiulize nani ataitumia.

Lakini mtoto naye ana haki yake. Jioni ni ndefu, na mahali pa kucheza ni pachache. Kama hatukumpa mchezo mwema, wako watakaompa pombe na kamari bila kutuomba ruhusa.

YALIANZISHWA NA WALIMU WA SHULE

Jambo la kwanza lililotushangaza katika kusoma kwetu ni hili: watu wawili walioyaeneza mafunzo haya duniani walikuwa walimu wa shule.

Judo ilianzishwa na Jigoro Kano wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1860. Alikuwa mdogo wa mwili, na wenzake shuleni walimwonea. Alipoingia chuo kikuu cha Tokyo mwaka 1877 alianza kumtafuta mtu wa kumfundisha mieleka ya kale iliyoitwa jujutsu. Siku hizo mabingwa wa mieleka hiyo walikuwa wamepoteza cheo chao, na wengi walijipatia chakula kwa kuunga mifupa iliyovunjika. Basi kijana Kano akaenda kwa waunga mifupa, mmoja baada ya mwingine, akiuliza, mpaka akaelekezwa kwa mzee Hachinosuke Fukuda. Husimuliwa kwamba Kano alipomwuliza mzee huyo mkono uwekwe wapi na mguu uwekwe wapi, mzee hakueleza neno, bali alimwangusha tena na tena mpaka aelewe mwenyewe.

Mwaka 1882 Kano akafungua shule yake mwenyewe, Kodokan, katika hekalu moja mjini Tokyo, chumba chenye ukubwa wa mikeka 12 tu. Mbinu zilizoweza kuvunja viungo vya mtu aliziondoa katika mapambano ya mazoezi, akawaeleza wanafunzi sababu ya kila tendo. Baadaye akawa mkuu wa chuo cha kufundishia walimu kwa miaka mingi. Neno judo maana yake ni njia ya upole, na Kano alitaka kila mwanafunzi ashike mambo mawili: kutumia nguvu zake kwa akili, na kusitawi pamoja na mwenzake, si kwa hasara ya mwenzake.

Wa pili ni Gichin Funakoshi wa kisiwa cha Okinawa. Mchana alifundisha watoto shuleni, na usiku alijifunza karate uani kwa mwalimu wake. Mwaka 1922 aliionyesha karate mjini Tokyo, na kutoka huko ikaenea pote. Karate maana yake ni mkono mtupu. Funakoshi aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mwanakarate hatangulii kupiga.

Basi mzazi asiogopeshwe na mavazi meupe na maneno ya Kijapani. Hii ni shule kama shule nyingine, na aichunguze kama anavyoichunguza shule. Hata mkanda mweusi, unaowatia watu hofu, ulianza kuvaliwa katika shule ya Kano katika miaka ya 1880, na daraja yake ya chini maana yake ni hatua ya kwanza tu. Aliyeupata ndiyo kwanza anaanza kujifunza.

VIJANA WAWILI WA BUKAVU

Jambo la pili tuliloligundua lilituhuzunisha, maana ni la jimbo letu wenyewe la Kivu Kusini.

Popole Misenga na Yolande Mabika wote wawili ni wazaliwa wa Bukavu. Vita viliwatenga na jamaa zao wangali watoto, wakapelekwa Kinshasa, na huko wakajifunza judo. Walikuwa na kipaji, wakaingia katika timu ya taifa. Lakini Popole amesimulia yaliyompata kila aliposhindwa: alifungiwa chumbani siku kadhaa, akipewa kahawa na mkate tu. Mwaka 2013 walikwenda Rio de Janeiro, nchini Brazili, kwa mashindano ya dunia, wakaachwa hotelini bila fedha, bila chakula na bila hati za kusafiria. Wakatoka, wakaomba hifadhi katika nchi ile.

Huko wakampata mwalimu mwingine, mzee Geraldo Bernardes, aliyewahi kuifundisha timu ya Brazili. Yeye aliona kwamba vijana hawa walipigana na wenzao wa mazoezi kana kwamba ni adui, hata wakawaumiza, kwa sababu walikuwa wamezoea kwamba kushindwa ni kufungwa. Ilimpasa awafundishe upya kwamba mwenzako wa mazoezi si adui yako. Mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki ya Rio, walikuwamo katika timu ya kwanza ya wakimbizi, watu 10 kwa jumla. Yolande alishindwa katika pambano lake la kwanza. Popole alimshinda Mhindi Avtar Singh, kisha akashindwa na Mkorea Gwak Dong-han, aliyekuwa bingwa wa dunia. Safari hii hakuna aliyemfungia chumbani. Watu waliojaa ukumbini walimpigia makofi.

Tazameni, wasomaji wapenzi: mchezo ni uleule, na vijana ni walewale. Kilichobadilika ni mwalimu.

Wala tusidhani kwamba ubaya huu ni wa Waafrika tu. Huko Japani kwenyewe, mwaka 2013, kocha wa timu ya taifa ya wanawake wa judo alijiuzulu baada ya wanamichezo 15 kulalamika kwamba walipigwa. Na tangu mwaka 1983 hata 2011, watoto zaidi ya 100 walikufa kutokana na judo ya shuleni katika nchi ile, wengi wao kwa kuumia kichwa, na wengi walikuwa ndiyo kwanza wanaanza. Ikiwa mambo hayo yalitukia penye ukumbi, mikeka mizuri na waganga, sisi tusio na hivyo yatupasa kufungua macho mara mbili.

TULIYOYAONA

Juma la pili tukatoka na yule baba na mwanawe. Mahali pa kwanza tulikuta vijana wengi na kelele nyingi. Mwalimu alivaa mkanda mweusi, na kabla hata hatujamwuliza neno alikwisha kutuambia idadi ya watu aliowapiga. Debe tupu haliachi kuvuma. Tulimwuliza nani alimfundisha yeye. Akasema, "Wako wengi," akageukia wanafunzi wake. Akamsimamisha mtoto mdogo mbele ya kijana aliyemzidi kwa kichwa kizima. Mtoto akapigwa usoni, damu ikamtoka puani, wote wakacheka. Mwalimu akasema hivyo ndivyo wanaume wanavyofanywa. Yule baba alimtazama mwanawe. Mwanawe naye alikuwa anacheka.

Tulirudi kimya. Njiani baba akasema neno moja tu: "Mwalimu, jioni moja imetosha kumfundisha mtoto wangu kumcheka aliyeumia."

Mahali pa pili palikuwa uani nyuma ya nyumba. Mkeka wao ni magunia yaliyoshonwa pamoja na kujazwa maganda ya mpunga, na turubai juu yake. Mwalimu naye ni mchimbaji, na hufundisha judo jioni akitoka kazini. Alitaja jina la aliyemfundisha na mji aliofundishwa, akatuonyesha cheti chake kabla hatujakiomba. Wanafunzi walikuwa wachache, na nusu ya wakati wote walijifunza kuanguka: kuvuta kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini, na kupiga mkeka kwa mkono mzima ili uzito utawanyike. Kisha wakashikana wawili wawili. Tukaona jambo dogo: kila aliyemwangusha mwenzake hakuuachia mkono wa shati lake, bali alimshika mpaka afike chini salama. Tulimwuliza mwalimu sababu yake. Akajibu, "Nikimwachia, atapiga kichwa. Kesho nitafanya mazoezi na nani?"

Mtoto alinong'ona kwamba huku hakuna mateke. Baba akamjibu kwamba ndiyo maana huku atakuja.

MAMBO SITA YA KUULIZA

Hatusemi kwamba judo ni njema na karate ni mbaya, la. Wako walimu wema wa karate, na wako wabaya wa judo. Ila mzazi, kabla ya kutoa fedha, aulize mambo haya.

Kwanza, nani alimfundisha mwalimu huyu, na je, chama chake kinajulikana na ligi ya mchezo huo jimboni? Fundi wa kweli haoni haya kumtaja fundi wake.

Pili, gharama zote ni kiasi gani: ada ya mwezi, kimono, na mitihani ya mikanda? Mahali ambapo mkanda hupatikana kwa dola kuliko kwa jasho, mtoto hujifunza rushwa tu.

Tatu, mwanafunzi mgeni huanza na nini? Akitupwa katika mapigano siku ya kwanza, mwondoe.

Nne, mtoto akigongwa kichwa hufanywa nini? Jibu jema ni moja: huachishwa mazoezi papo hapo. Akitapika, akisinzia, akiumwa sana kichwa au akisema maneno yasiyo na mpango, apelekwe kwa mganga wa kituo cha afya bila kungoja kesho. Asirudi mazoezini mpaka apone kabisa.

Tano, je, mzazi aweza kuingia wakati wowote bila kutoa habari? Jambo hili ni la watoto wote, na kwa wasichana lazima liangaliwe zaidi. Mafunzo yafanyike peupe. Mwalimu anayetaka kubaki peke yake na binti yako, au anayemwambia asiseme nyumbani yanayotendeka, usimpe nafasi ya pili.

Sita, aliyeshindwa hutendewaje? Swali hili usimwulize mwalimu. Kaa pembeni utazame. Akishindwa mtoto, je, huchekwa, hutukanwa, hupigwa fimbo? Au huinuliwa, akaonyeshwa kosa lake? Mshindi husifiwa kila mahali, hata kwa waovu. Moyo wa mwalimu hujulikana kwa jinsi amtendeavyo aliye chini.

Na ukisha kumchagua mwalimu mwema, usimvunjie kazi yake. Mtoto asikose darasa kwa ajili ya mazoezi. Usimsifu kwa kumpiga jirani. Usimwulize kila jioni amemshinda nani, bali mwulize amejifunza nini.

Baba yule alitujia tena mwezi mmoja baadaye. Tulimwuliza kijana amejifunza nini. "Kuanguka tu, Mwalimu," akajibu, akacheka. "Nimelipa mwezi mzima mtoto aanguke!" Kisha akasimulia kwamba siku moja mdogo wake alijikwaa na debe la maji, yakamwagika yote. Zamani kaka yake angalimcheka na kumpiga kofi. Safari hii alimshika mkono, akamwinua, wakarudi wote kisimani.

Hatusemi kwamba mtoto amekwisha kuwa mtu kamili kwa mwezi mmoja. Kesho aweza kupigana njiani kama watoto wote. Lakini samaki hukunjwa angali mbichi, na sasa baba ajua mikono inayomkunja mwanawe ni mikono ya nani.