Trekta Inapochechemea

Katika vilima vya Gitega, ambako shamba la mtu aghalabu ni kipande cha mteremko kinachotoshwa na jembe la mkono, trekta ni mgeni adimu. Nayo inapofikishwa karakanani kwetu Magarama ikivutwa kwa mnyororo nyuma ya lori, watu husimama kuitazama kama wamtazamavyo mgonjwa abebwaye kwa machela. Hiyo niisemayo ilikuwa Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1964, yenye mashine ya Perkins ya silinda tatu, nayo ilitoka mashamba ya upande wa Muyinga. Mwenyewe, mzee mstahiki, alikuwa amekwisha ambiwa na mafundi wawili kwamba pampu ya dizeli imekufa na kwamba hapana dawa ila kununua mpya, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kuuza ng'ombe wake wote.

Mashine ya dizeli haina plagi ya kuwashia moto. Pistoni huishindilia hewa mpaka ikabaki sehemu ndogo tu ya nafasi yake ya kwanza, ikapata joto lipitalo digrii 500, ndipo nozeli inaponyunyiza mafuta kama ukungu, nayo yakawaka yenyewe. Silinda za trekta hii huwaka kwa kufuatana, moja, mbili, tatu, hata sikio lililozoea likasikia mapigo yaliyo sawa kama ya wanawake watatu watwangao katika kinu kimoja. Na mmoja wao akikosa kuushusha mchi wake, hata aliye chumbani hujua.

Kwa hiyo swali la kwanza halihusu pampu. Swali ni hili: je, maradhi ni ya silinda moja, au ni ya zote? Mwendo ukiwa na pengo lirudilo pale pale katika kila duru, silinda moja imelala. Lakini ngurumo ikipanda na kushuka kama pumzi ya mtu apandaye mlima, na mashine ikazimika penye mzigo, basi zote zinanyimwa chakula, na ila yake aghalabu imo njiani, baina ya tangi na pampu. Trekta ya mzee wetu ilikuwa na yote mawili, na hilo ndilo lililowapoteza walionitangulia.

Tulianza na njia. Tangu uhaba wa mafuta uishike Burundi miaka hii, dizeli, ambayo huku twaiita mazutu, hufika mashambani kwa vidumu, mengine yakivuka kwa magendo mpaka wa Tanzania ulio karibu na Muyinga, yamekwisha kulala juani na mvuani katika vyombo ambavyo hakuna ajuaye vilibeba nini jana. Maji ni mazito kuliko mazutu, hivyo hutuama chini ya tangi, mahali pale pale mashine inapovutia. Katika kikombe cha kioo kilicho chini ya chujio tuliyaona dhahiri, yametengana na mazutu kwa mstari kama wa ukingo wa ziwa. Nami nasikitika kila nionapo hali hiyo, kwani pampu ya aina hii haina kilainishi kingine ila mafuta yale yale yapitayo ndani yake.

Tukaliosha tangi, tukabadili chujio, kisha tukatoa hewa kwa kulegeza skrubu zake huku tukiipiga kwa mkono ile pampu ndogo ya kuvutia, mpaka povu likakoma. Kwa maana hewa hushindilika, na mafuta yaliyochanganyika na hewa hayana nguvu ya kuifungua nozeli. Ngurumo ikatulia, ila pengo likabaki.

Sasa ikabaki kuitafuta silinda iliyolala. Mashine ikizunguka taratibu, fundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya moja, kwa nusu mzunguko, akiifunika kila moja kwa kitambaa kinene. Silinda nzima ikinyimwa mafuta, mashine hushtuka na kulegea; iliyolala ikinyimwa, hapabadiliki kitu. Hapa nawasihi wasomaji kwa moyo wangu wote: asiweke mtu kidole mbele ya bomba hilo wala mbele ya nozeli inyunyizayo, maana dizeli yenye shinikizo lile hupenya ngozi kama sindano, na kidonda kinachoonekana kama cha mbu huweza kumkosesha mtu mkono.

Silinda ya pili ndiyo iliyokaa kimya. Tukaipa nozeli ya jirani yake, na ya kwake tukampa jirani. Maradhi yakahama pamoja na nozeli. Lau yangebaki pale pale, ningepima nafasi ya valvu, ambayo katika mashine hii ikiwa baridi ni milimita 0.30, kisha mgandamizo, na pampu ningeishuku mwisho kabisa.

Moshi nao ni shahidi, ingawa siuamini peke yake. Mweupe ni mafuta yasiyoungua, wa buluu ni oili, mweusi ni mafuta kuzidi hewa. Lakini Gitega iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, ambako hewa imepungua karibu sehemu moja ya sita, kwa hiyo moshi mweusi kidogo penye mzigo hauihukumu pampu. Kwanza litazamwe chujio la hewa.

Ncha ya nozeli ilikuwa imelika kwa kutu. Tukatia mpya, na bei yake haikufika hata mguu wa ng'ombe mmoja.

"Na pampu, fundi?" akauliza mzee.

"Pampu haina kosa, mzee wangu. Kosa ni la kidumu."

Nikamwomba kila kidumu akiache kitulie usiku kucha, amimine asubuhi kwa mrija bila kukitikisa, na vile vidole vinne vya chini avitie katika chupa nyeupe, avitazame penye mwanga.