Je, Wajua Ufa wa Injini Huhesabu Safari, Si Miaka?

Oktoba 28, 2016, ndege ya American Airlines, safari namba 383, ilikuwa inashika kasi ili iruke kutoka uwanja wa O'Hare, Chicago, injini yake ya kulia ilipopasuka. Sahani ya turbini ilivunjika. Kipande chake kilitoboa bawa na kwenda kuangukia ndani ya ghala, karibu mita 900 kutoka hapo. Moto ukalipuka. Watu wote 170 walinusurika, mmoja akiwa ameumia vibaya.

Sahani hiyo, inayoshikilia mapanga ya turbini, ilikuwa ya Inconel 718: aloi ya nikeli, kromi, chuma na niobi, inayostahimili joto la nyuzi 650 hivi za Selsiasi. Ndege inaporuka, sahani huzunguka kwa kasi hata ikajivuta yenyewe kuelekea ukingoni. Injini ikizimwa, mvuto huo huachia. Huo ni mzunguko mmoja. Kila mzunguko huusogeza ufa hatua ndogo kuliko unene wa unywele, na kadiri ufa unavyorefuka ndivyo hatua zinavyokuwa ndefu. Mara nyingi kila hatua huacha mstari wake, na wachunguzi huihesabu mistari hiyo kwa hadubini ya elektroni.

La ajabu zaidi ni hewa. Kwenye joto kali, oksijeni hupenya hadi nchani mwa ufa, ikadhoofisha mipaka ya chembe za metali. Aloi hiyohiyo ikijaribiwa kwa joto lilelile mahali pasipo hewa, ufa huenda polepole zaidi. Lakini ikiwa hewani, nayo ikishikiliwa chini ya mvuto kwa dakika kadhaa badala ya kuachiwa upesi, oksijeni hupata nafasi ya kufanya kazi yake.

Sahani ya Chicago iliruhusiwa mizunguko 15,000. Ilivunjika baada ya 10,984. Hesabu haikuwa mbovu, ila ilidhani metali ni safi. Kumbe ndani mlibaki doa lenye uchafu tangu aloi ilipoyeyushwa kiwandani, na nyufa zikaanzia hapo. Nazo hazikugunduliwa mapema, kwani ukaguzi wa rangi inayong'aa huonyesha tu nyufa zilizofika juu.

Ndiyo maana mwaka 2018 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilipendekeza sehemu kama hizi zipimwe hadi ndani, kwa mfano kwa mawimbi ya sauti.